Kolo, Mtera au Ruaha: upige kambi wapi ukitafuta mchanga kutokea Dodoma?

Mtoto wa mama mdogo alirudi kutoka Australia alikokuwa akisoma, na jioni moja nyumbani kwetu mtaa wa Kisasa, Dodoma, akatuonyesha picha za safari yake ya K'gari. Ni kisiwa cha pwani ya Queensland, kikubwa kuliko visiwa vyote vya mchanga duniani, urefu wake unapita kilomita 120. Ufukwe wenyewe ndio barabara. Magari yanaruhusiwa kwenda hadi kilomita 80 kwa saa juu ya mchanga uliolowa, ndege ndogo zinatua hapohapo, na pembeni yamelala mabaki ya meli ya Maheno iliyosukumwa ufukweni na kimbunga mwaka 1935. Walikuwa vijana wanane, kila mmoja na begi lake la mgongoni, safari nzima wakiipanga kwa kufuata maji kupwa na maji kujaa. Usiku chakula chote walikifungia ndani ya gari kwa sababu ya dingo, mbwa wa porini wa kule, ambao huingia kambini bila woga.

Alipomaliza, mdogo wake aliye kidato cha sita akanigeukia: "Dada, sasa sisi wa Dodoma tusio na bahari, tuende wapi?"

Swali hilo nimeshaulizwa na watu wengi, wengi wao vijana waliohamia Dodoma kikazi na wanaoamini kwamba wikiendi ya maana ni lazima uende Zanzibar au Bagamoyo. Mchanga tunao. Makorongo yetu yote ni mchanga, na kuanzia Juni hadi Oktoba mengi yamekauka kabisa, mapana na meupe, unaweza kutembea ndani yake nusu siku usikutane na tone la maji juu ya ardhi. Nimepiga kambi Kolo kule Kondoa, Mtera kwenye bwawa, na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kila mahali zaidi ya mara moja. Bahi, magharibi mwa Dodoma, nimeiacha makusudi, kwa kuwa kule kinachokukwamisha ni tope, na tope ni habari nyingine.

Nimepima kwa vigezo gani

Nimetumia mambo sita, na nitayafuata kila mahali: njia na mchanga wake, ruhusa na gharama, maji, usiku, kazi ya mchana, halafu panamfaa nani. Bei sitaziandika maana hubadilika. Nitasema tu wapi mfuko unaumia na wapi unapumua.

Kabla ya hayo yote kuna msimu. Yule ndugu yangu alikuwa na jedwali la maji: saa fulani bahari imepwa, pita, saa fulani imejaa, kaa kambini. Sisi hatuna jedwali. Mvua ya Dodoma huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na korongo linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha milimani mbali na wewe, huku juu yako nyota zinawaka. Kwa hiyo kila ninaposema "pita hapa" au "lala pale", nazungumzia kiangazi. Ukienda Januari, sahau nusu ya niliyoandika.

Na jambo la pili la kujua kabla ya kuondoka ni upepo wa tairi. Kwenye mchanga laini tairi lililojaa linachimba, lililopungua linatanuka na kuelea. Sisi hushusha kutoka PSI 36 (kipimo cha upepo wa tairi) hadi 20 hivi, tukishatoka mchangani tunajaza tena kwa pampu ndogo inayotumia umeme wa gari, kwa sababu kukimbiza gari kwenye lami na tairi laini ni kutafuta ajali. Pampu, beleshi, kamba ya kuvutia na vipande viwili vya mbao: hivyo vinne vinakaa kwenye gari langu muda wote wa kiangazi.

Kolo, Kondoa

*Njia na mchanga.* Dodoma hadi Kondoa mjini ni kama kilomita 160, lami tupu, kisha unaendelea kaskazini njia ya Babati kidogo tu unakifikia kijiji cha Kolo. Mabasi ya Babati na Arusha yanapita hapo, kwa hiyo mwenye begi tu anashuka mlangoni kabisa. Mchanga unaanza unapoacha lami. Kufika chini ya mlima wenye michoro mikubwa ni kama kilomita kumi, na njia inakutana na mto wa mchanga ambao gari dogo la kawaida haliuwezi vizuri. Fo-wili inapita, dereva akijua anachofanya.

Mara ya kwanza sikujua. Nilipoona tairi za nyuma zinazunguka bila kwenda, nilikanyaga mafuta. Mzee mmoja aliyekuwa akiswaga mbuzi akasimama ukingoni, akaweka fimbo begani, akasema taratibu, "Mwanangu, acha. Unajizika." Alikuwa sahihi, tulipochungulia chini, mchanga ulishagusa tumbo la gari. Tulitumia saa mbili na nusu kuchimba, kushusha upepo na kuingiza matawi chini ya tairi, yeye akituelekeza na wajukuu zake wakisukuma. Tangu siku ile, kabla sijaingia korongoni nashuka, natembea kwa miguu hadi ng'ambo, narudi. Panapozamisha kisigino patazamisha gari.

Mchanga huo una historia yake. Vilima vya Irangi vililiwa na mmomonyoko hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Leo unapoona miti imefunika mabonde yaliyokuwa makovu mekundu, unaona kazi ya watu waliokubali kuachana na ng'ombe wao. Udongo ulioshuka kabla ya hapo ndio huo unaokanyaga chini.

*Ruhusa na gharama.* Unapita ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Usiende bila yeye, hata kama una ramani kwenye simu. Kwa Mtanzania ni pesa ndogo. Kuna eneo la kupigia kambi kando ya mto, huduma zake ni za chini sana: ulizia ofisini kabla hujashusha mizigo. Kati ya sehemu zote tatu, hapa ndipo mfuko unapumua zaidi ukihesabu na kile unachokiona.

*Maji.* Jaza madumu Kondoa mjini, mji wenye chemchemi inayojulikana tangu enzi. Lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa uso. Watu wa Kolo wana akili nyingine ya maji ambayo ningependa kila mgeni aione. Asubuhi niliteremka korongoni nikamkuta mama mmoja amepiga magoti ndani ya shimo la kina cha mkono, lenye mdomo mpana kama sinia. Anateka kwa kata. Kata za mwanzo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, alizimwaga mbali. Akasubiri. Mchanga ukalia kidogo, maji yakapanda tena, safari hii maangavu hadi nikaona punje zilizotulia chini. Ndipo akaanza kujaza ndoo, na juu ya ndoo akaweka tawi la majani ili yasirukeruke njiani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelala wapi?"

Nikamwonyesha hema letu, chini palepale kwenye mchanga wa korongo, mahali tambarare na laini kuliko godoro. Aliangalia, akatazama milima ya upande mwingine, kisha akasema neno moja tu: "Hameni."

*Usiku.* Ilikuwa Novemba mwanzoni. Mbingu ilikuwa safi. Tulihamia ukingoni juu zaidi kwa heshima yake kuliko kwa hofu. Usiku wa pili yake, kwenye saa nane, umeme ulimulika mbali sana upande wa milimani, hata ngurumo haikutufikia. Baada ya muda nikasikia sauti kama lori linaloshuka mlima na gia nzito. Asubuhi mchanga wote ulikuwa umelowa na umelala upya, mawe yetu ya moto hayakuwepo, na gogo tulilokuwa tunakalia lilikuwa limekwama kwenye mti mita nyingi chini. Nasema hili kwa kila mtu anayeuliza: hata kiangazi, hata mahali pengine popote, hema halilali ndani ya korongo.

Mengineyo ya usiku Kolo ni ya kawaida. Fisi utawasikia. Baridi ya Juni na Julai ni kali kuliko watu wanavyotarajia, kofia na soksi zinahitajika. Simu inashika mtandao ukisogea kwenye mwinuko.

*Mchana.* Hapa ndipo Kolo inapowashinda wengine kwa mtu anayependa kutembea. Miamba yenye michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alishinda huko miezi mingi mwaka 1951 akiinakili. Ya zamani zaidi ni myekundu: watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya ajabu, na wanyama kama pofu, twiga na tembo. Ile myeupe, yenye mistari mizito, ni ya baadaye. Unapanda mlima kwa miguu, jua linakuchoma, halafu unaingia chini ya mwamba kuna kivuli na ghafla uko mbele ya watu waliochorwa wakati hakuna aliyekuwa analima hapa. Mungomi wa Kolo, ule mlima wenye michoro mikubwa, hadi leo ni mahali pa matambiko ya mvua na uponyaji, kwa hiyo ukikuta alama za sadaka, usizisogeze kwa ajili ya picha. Na tafadhali usimwagie michoro maji ili rangi ikolee. Nimeona mtu akifanya hivyo na roho iliniuma.

*Panamfaa nani.* Mwenye begi asiye na gari, mwenye siku mbili, anayependa kutembea na kusikiliza watu. Asiyependa kupanda mlima atachoka kufikia saa nne asubuhi.

Mtera

*Njia na mchanga.* Bwawa liko karibu nusu ya njia ya Dodoma kwenda Iringa, na njia yote kilomita 260 ni lami. Unashuka mteremko wa Fufu, mibuyu inaongezeka, joto linapanda, na kabla hujajipanga unaona maji mengi kiasi ambacho mtu wa Dodoma hajazoea. Barabara inapita juu ya ukuta wenyewe wa bwawa. Basi lolote la Iringa litakushusha.

Mchanga wa Mtera unadanganya. Maji yanapopungua kuelekea Septemba na Oktoba yanaacha ufukwe mpana, na kwa mbali unafanana kabisa na picha za K'gari: tambarare, unang'aa, miti iliyokufa imesimama majini kama nguzo. Mtu anatamani kuuendesha gari. Usifanye hivyo. Juu pamekauka, chini ni tope la bwawa, na gari likizama hapo, kuchimba hakusaidii kwa sababu shimo linajaa maji. Acha gari kijijini, begi mgongoni, tembea. Mtera ndipo mahali ambapo asiye na gari hapungukiwi na chochote.

*Ruhusa na gharama.* Hakuna geti wala tiketi. Unaanza ofisi ya serikali ya kijiji, unamwona mtendaji au mwenyekiti, unaeleza mko wangapi na mnalala siku ngapi. Kwa kawaida mtapewa kijana wa kuwapeleka mahali salama, naye mlipeni vizuri. Salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", inafungua milango kuliko barua yenye muhuri. Ukuta wa bwawa na mitambo ni eneo linalolindwa: mtambo ule wa megawati 80 ni sehemu ya umeme wa nchi, usisimame pale kupiga picha na usitafute kambi karibu yake. Gharama ya jumla ni ndogo. Nauli na chakula ndivyo vinavyokula pesa.

*Maji.* Yako mbele yako hadi upeo wa macho na huwezi kuyanywa bila kuyachemsha. Beba ya kunywa kutoka Dodoma, ya bwawani yawe ya kuoshea vyombo. Na ya kuoshea uyachote kule wanakochota wanakijiji, wala usiende peke yako.

*Usiku.* Sitapunguza maneno hapa. Mtera ina mamba na viboko. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na hurudi kwa njia ileile aliyoizoea. Ukiweka hema kwenye njia yake, hatazunguka. Tafuta zile njia zilizochimbika kama mifereji kutoka majini kwenda juu, nyayo pana zenye vidole vinne, halafu hamia mbali nazo, na mbali na maji yenyewe, mita mia na zaidi. Kuogelea hapana, hata kunawa miguu ukingoni jioni hapana. Yule kijana wa kijiji ndiye jedwali lako hapa. Anajua mamba alionekana wapi wiki hii.

Mbu nao ni wengi. Hema lisilo na chandarua kizima litawatesa, na joto halikuruhusu kujifunika.

*Mchana.* Wavuvi. Kaa nao kambini kwao alfajiri wanaporudi na mitumbwi, nunua perege wakiwa bado wanapumua, wachome palepale kwa chumvi na ndimu uliyobeba. Sijala samaki mtamu zaidi ya huyo mahali popote mkoani kwetu. Ndege ni wengi mno, na hapo darubini ndogo ina faida kubwa. Zaidi ya samaki, ndege na jua linalozama nyuma ya miti iliyokufa, shughuli hakuna. Wapo watu ambao hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta.

*Panamfaa nani.* Kundi la marafiki wenye usiku mmoja na bajeti ndogo, wenye nidhamu ya kusikiliza mwenyeji. Sikushauri uende na watoto wadogo. Maji yale yanawaita, na huwezi kuwakodolea macho saa ishirini na nne.

Ruaha

*Njia na mchanga.* Dodoma hadi Iringa, halafu kama kilomita 130 nyingine kupitia Idodi na Tungamalenga hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi. Kipande hicho cha pili, nilipopita mimi, kilikuwa vumbi na matuta yanayotikisa hadi meno. Ukiondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri utafika geti la hifadhi mchana, ukiwa hukusimama sana Iringa. Ndani ya hifadhi barabara nyingi ni nzuri kiangazi, lakini kando ya mito ya mchanga kama Mwagusi na Mdonya kuna vivuko vinavyotaka fo-wili na upepo uliopungua. Tofauti na Kolo, hapa ukikwama huwezi kushuka ovyo kukagua. Angalia kwanza pande zote, mmoja abaki juu akitazama vichaka, na msitawanyike.

Asiye na gari anaweza kufika Tungamalenga kwa basi kutoka Iringa, ila kuingia hifadhini anahitaji gari la kukodi. Mkigawana watano au sita, maumivu yanapungua.

*Ruhusa na gharama.* Hapa ndipo mfuko unapoumia. Unalipa kiingilio cha mtu, cha gari, na cha kambi kwa kila usiku, na malipo ni kwa njia ya kielektroniki, usitegemee noti mkononi. Mtanzania hulipa kwa shilingi na kiasi kidogo sana kikilinganishwa na mgeni kutoka nje, beba kitambulisho cha taifa. Gharama kubwa kwa wengi wetu ni gari na mafuta. Kuna kambi ya umma yenye vyoo na mahali pa kuoga, na kuna kambi maalumu unazoweka nafasi mapema na ambazo hazina kitu chochote isipokuwa pori. Wanaotaka kupunguza gharama hulala Tungamalenga nje ya hifadhi wakaingia asubuhi.

*Maji.* Jaza Iringa. Mto Ruaha Mkuu, ambao ndio roho ya hifadhi, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kutiririka miezi ya kiangazi kwa sababu maji mengi hutumika juu kwenye mashamba na mabonde ya Usangu. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu liliunganishwa na hifadhi. Ukisimama darajani Oktoba ukaona madimbwi yaliyojaa viboko waliobanana, unaelewa bila kuelezwa.

*Usiku.* Hakuna uzio. Simba utawasikia, na sauti yake ukiwa ndani ya kitambaa chembamba inapita kifuani. Kanuni ni chache na zinafanya kazi: usitoke hemani bila kumulika pande zote, choo ukimalize kabla ya kulala, viatu viingie ndani kwa kuwa fisi huvichukua, na chakula chote kikae ndani ya gari. Matunda hasa. Tembo hunusa chungwa kutoka mbali, na nyani wakishajua begi lenye ndizi watalichana mchana kweupe. Kuni huruhusiwi kuokota. Jiko dogo la gesi linatosha.

Naomba niseme pia habari ya mbung'o. Huvutwa na nguo nyeusi na za bluu. Vaa khaki au kijani kilichopauka, mikono mirefu, na funga vioo mnapopita vichakani.

*Mchana.* Huu mchanga ndio uliobadilisha fikra zangu kuhusu mchanga. Kwenye Mwagusi, Septemba, tulizima gari kando ya tembo jike na mwanawe. Alikuwa anachimba kwa mguu wa mbele, anapiga teke dogo nyuma, anachota mchanga kwa mkonga na kuuweka pembeni taratibu, kama mtu anayesafisha kisima chake. Shimo lilipofika kina, akaingiza mkonga, akatoa, akamwaga chini maji ya kwanza. Akasubiri. Nilimkumbuka yule mama wa Kolo na kata yake, nikakaa kimya muda mrefu. Walipoondoka, swala walikuja kunywa kwenye shimo lilelile, wakafuatiwa na kanga.

Utaona pia tandala mkubwa na tandala mdogo kwenye hifadhi moja, mibuyu iliyochunwa na tembo, na siku nzima hukutani na gari zaidi ya chache. Ubaya wake kwa mwenye begi ni mmoja: hutembei. Unakaa kwenye gari tangu asubuhi hadi jioni, isipokuwa umelipia matembezi na askari mwenye silaha.

*Panamfaa nani.* Wenye siku nne na kuendelea, wenye gari imara au watu wa kugawana kodi, wenye subira. Watoto wakubwa wanaoelewa maelekezo wanafurahi mno.

Uchague vipi kwa hali yako

Una wikiendi moja na nauli ya basi tu: uamuzi ni kati ya Kolo na Mtera. Ukitaka kutembea na kuona kitu ambacho utakisimulia, Kolo. Ukitaka kukaa, kula samaki na kutazama maji, Mtera. Msiwe chini ya watu watatu Mtera.

Una fo-wili na hamu ya kujifunza kuendesha mchangani: anza Kolo, Julai au Agosti, ambako ukikwama watu wapo. Ruaha ifuate baadaye, mkono ukishazoea. Nimekutana na waliofanya kinyume, wakakaa saa nyingi ndani ya gari lililozama wakisubiri gari jingine lipite.

Una familia yenye watoto chini ya miaka kumi: Kolo, mkilala Kondoa mjini kwenye nyumba ya wageni na kwenda mlimani asubuhi. Hema liwe la majaribio uani kwenu kwanza.

Una mgeni kutoka nje ya nchi aliyekuja na begi lake: mwulize kwanza habari ya pesa, kwa kuwa viwango vyake Ruaha ni vya mgeni. Akiwa nazo, Ruaha siku nne. Akiwa anahesabu, Kolo itampa mengi.

Nafasi yako ni Desemba hadi Aprili tu: makorongo yaache. Kolo inaendeka kwa kulala mjini na kutembelea michoro ya karibu na lami, ukisikiliza mwongozaji anavyosema kuhusu mto. Ruaha baadhi ya njia hufungwa na maji, nyasi zinakuwa ndefu, wanyama wanatawanyika, ingawa ndege ni wengi na nchi nzima ni kijani. Mtera wakati huo mbu wamezidi.

Una umri mkubwa au goti bovu: Ruaha kwa gari, ulale kwenye nyumba za hifadhi pale Msembe badala ya hema.

Mdogo wetu wa kidato cha sita anamaliza mtihani Mei. Tumekubaliana mwisho wa Juni, watu watano, magari mawili, Kolo siku tatu. Kaka yake aliyelala K'gari ataendesha gari la pili, na nimeshamwambia kwamba tukifika kwenye ule mto wote tunashuka, tunavuka kwa miguu kwanza.